Ufa Uliokatazwa Kuzibwa

Jumatatu, 8 Machi 1976

Wasomi wamekuja leo kuutazama ufa wetu. Ni watatu, wote wa chuo, na nilipowaona wameinama mbele ya ukuta wa chumba cha Bi Mboni nikajua madaftari ya darasa la pili hayasahihishwi tena. Nikaweka kalamu nikatazama.

Ufa wenyewe ninaujua. Ulianza masika ya mwaka juzi kwenye kona ya dirisha, upande wa uani, ukashuka tofali kwa tofali mpaka chini. Chumba changu kimepakana na hicho. Kila anayeingia nyumba hii kuomba maji au kuazima mwiko lazima auone, na lazima aseme usipoziba ufa utajenga ukuta, kana kwamba methali hiyo ameitunga yeye njiani. Bi Mboni, mwenye nyumba, mjane aliyekwishapita miaka sabini, huwajibu wote neno moja tu: ahsante.

Kamati ya mtaa imesema nyumba ikionekana ya hatari itabomolewa, nasi tutapewa viwanja nje ya mji. Wasomi wakisema ukuta umetulia, tunabaki. Bi Mboni aliingia humu akiwa bibi harusi. Sijui huko nje ya mji ataanza kuishi vipi.

Mhandisi anaitwa Aristides, kijana mrefu wa Bukoba, maneno yake machache. Hakumwuliza mtu kitu. Alichukua kipande cha kioo cha dirisha, chembamba, urefu wa kidole, akakilaza juu ya ufa, akakishika kwa saruji huku na huku, na kwenye saruji mbichi akaandika tarehe kwa msumari. Akatueleza kwamba kioo hakijui kunyumbuka. Ukuta ukisogea hata unene wa unywele, kinakatika. Kikibaki kizima, ukuta umelala. Kisha akasema ufa usizibwe mpaka masika yaishe. Bi Tatu, mpangaji mwenzangu, alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe watu husoma miaka yote hiyo ili waje kukataza methali.

Wa pili, Nassibu, ni mtaalamu wa udongo. Alichimba kidogo chini ya ukuta, akaufinyanga ule udongo, akaunusa, kisha nikamwona kwa macho yangu akiuonja. Wa tatu ni Euphrasia, wa historia. Yeye aliomba mkeka.

Walipokuwa wanaondoka Aristides alimwambia Bi Mboni kwa adabu sana, "Mama, kioo hiki nakuachia wewe. Nitunzie." Bi Mboni akaweka mkono kifuani.

Jumatano, 10 Machi

Jua kali. Kioo kizima.

Jumapili, 14 Machi

Watu wamechoka na Maulidi, nyumba nzima imelala mpaka saa nne. Nilikwenda misa peke yangu. Kioo kizima.

Alhamisi, 18 Machi

Masika yameingia. Mtaa wa Sikukuu umekuwa mto, na mahamali wa sokoni wamegeuza mikokoteni kuwa vivuko. Wanavusha watu na magunia yao ya vitunguu pamoja. Nimefika shule viatu mkononi. Kioo kizima.

Jumatatu, 22 Machi

Nitasema ukweli, kwa kuwa shajara hii haisomwi na mtu. Huyu Euphrasia analipwa kupiga soga. Amefika asubuhi, ameketi mkekani na Bi Mboni na Bi Tatu wakichambua mchele, na nilipotoka shule saa nane nikawakuta palepale, wako kwenye harusi ya mtu aliyekwishakufa. Nani alileta mbuzi, nani alinuna. Ufa haukutajwa hata mara moja.

Aristides alikuja jioni, akainama, akakitazama kioo kwa tochi, akaandika, akasimama. Dakika chache tu. Nikamwambia waziwazi kwamba yeye ndiye ninayemwona anafanya kazi. Hakufurahi nilivyomsema mwenzake, ila alinijibu, "Watu husahau, Mwalimu. Ukuta hausahau." Nimeipenda sentensi hiyo. Kesho nitawaandikia watoto ubaoni.

Ijumaa, 26 Machi

Mvua. Kioo kizima. Kisomo changu cha jioni cha watu wazima tulifanyia chini ya bati, akina mama saba, na bati likipigwa na mvua kama ngoma hata sauti yangu mwenyewe siisikii. Bi Tatu alikuja kusoma akamsahau pweza jikoni, akaungua. Bi Mboni sasa anaandika tarakimu zote. Saba yake ina mkanda kiunoni kama yangu, jinsi masista wa Kilema walivyonifundisha, ili isidhaniwe moja. Anaichora akiwa ameng'ata ulimi.

Alhamisi, 1 Aprili

Mvua. Kioo kizima.

Ijumaa, 2 Aprili

Mvua tena, na radi. Kioo kizima. Mlango wa Bi Mboni umeanza kukwama.

Jumatatu, 5 Aprili

Wasomi wamegombana uani kwetu, kwa heshima lakini wamegombana. Nassibu alitoboa ardhi karibu na ukuta akatoa tope jeusi. Anasema udongo uliolowa hivi hauwezi kuuacha ukuta ulale, na mlango unaokwama si bure. Aristides akaonyesha kioo. Kizima, hakina hata mkwaruzo.

"Kioo chako kinasema hivyo," Nassibu akamwambia. "Tope langu linasema vingine."

Wakamgeukia Euphrasia, naye akasema bado hajamaliza kusikiliza. Nilikaribia kucheka. Mwisho Aristides akasema ushahidi ni ushahidi, na baada ya Pasaka ataandika kwamba nyumba ni salama. Bi Tatu alipiga kigelegele. Bi Mboni alikwenda kubandika maji ya chai, lakini nilimwona akifuta macho kwa ncha ya kanga.

Jumatatu, 12 Aprili

Mvua. Kioo kizima.

Jumatano, 14 Aprili

Nimekaa kitandani muda mrefu kabla ya kushika kalamu.

Nilirudi shule mapema, nikawakuta Euphrasia na Bi Mboni mkekani kama kawaida yao. Mimi nikakaa kizingitini nikimenya viazi. Euphrasia alikuwa anauliza habari za zamani, za watu wa kusini waliokuwa wakishukia nyumba hii wakitafuta kazi bandarini. Ati walikuwa wakiacha wapi vitu vyao? Bi Mboni akanyooka mgongo. Akasema waliviacha kwa marehemu mume wake, Abbasi, na tangu nyumba hii isimame amana ya mgeni haijapotea wala kuharibika. Akasimulia sanduku la mtu wa Newala lililokaa miaka sita uvunguni, mwenyewe akarudi na mvi akalikuta na kufuli yake. Euphrasia hakumkatiza. Hata habari ya sanduku ilipokwisha alinyamaza tu, akaendelea kuchambua mchele, na katika ukimya huo Bi Mboni akaongeza, kwa fahari kabisa:

"Hata kioo cha yule kijana. Kimevunjika mara tatu, na mara tatu nimekirudisha."

Kisu kilinianguka. Euphrasia hakushtuka, au alishtuka kwa ndani. Akauliza taratibu kilirudishwaje. Bi Mboni akaeleza: anakwenda kwa Awadhi, fundi wa fremu za picha kule Mchafukoge, anakatiwa kipande kingine cha kipimo kilekile, anabandua saruji ya zamani, anaweka mpya, anaandika tarehe ileile ya kwanza. Hakutaka kijana apate aibu wala huzuni.

Nilikimbilia ukutani. 8/3/76, na ile saba ina mkanda kiunoni. Saba yangu. Aristides hafungi saba mkanda. Nimeipita asubuhi na jioni nikaja humu kuandika kioo kizima, kioo kizima, kama kasuku.

Ndipo nikauliza swali ambalo Euphrasia asingeliuliza kamwe. Nilimwambia Bi Mboni kwamba watu watasema alificha ili nyumba isibomolewe. Alinitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama tangu nihamie hapa.

"Mwalimu, mgeni akiacha kikombe chake kwako kikavunjika, utamngoja arudi umwonyeshe vigae?"

Nikarudi kuokota kisu changu. Miaka kumi na tano nafundisha, na kila mwaka nina mtoto anayenakili jibu la jirani yake. Zamani nilikuwa nachapa. Sasa najua wengi wao hawataki kunidanganya, wanataka nifurahi. Mimi ndimi niliyewaonyesha kwamba jibu sahihi hunifurahisha. Aristides naye alisema nitunzie.

Euphrasia aliendelea na kazi yake. Hakutaka tarehe, kwa maana Bi Mboni hazishiki. Alitaka mambo. Mara ya kwanza ilikuwa kesho yake ya siku mahamali walipovusha watu. Ya pili, Tatu alipopika pweza akamsahau jikoni. Ya tatu, asubuhi ya pili ya ile radi. Nikachukua shajara yangu tukahesabu pamoja. Kila mara ni baada ya mvua kubwa. Ukuta unatembea, na kwa upande wa pili wa ukuta huo Bi Mboni analaza kichwa chake.

Mtu niliyesema analipwa kupiga soga ndiye aliyelipata. Wala hakulipata kwa bahati; alilingoja mahali ambapo lingepita.

Alhamisi, 15 Aprili

Sikwenda dukani wala kanisani mpaka Aristides alipofika. Niliogopa atamfokea mzee. Wenzake walimweleza pale uani, naye akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi bila kutazama. Bahati meno yake yalikuwa yameelekea kwingine. Kisha akatoa mfukoni karatasi za ile taarifa yake aliyokwisha kuianza, akazikunja, akazirudisha.

"Niliuuliza ukuta," akasema. "Sikumwuliza mwenye nyumba."

Akaenda akachuchumaa mbele ya Bi Mboni. Nitaandika maneno yao kama nilivyoyasikia.

"Mama, kosa ni langu. Nilikuomba unitunzie. Leo nakuomba jambo gumu zaidi. Kikivunjika, usikiguse. Uniite."

"Kikae kimevunjika? Watu wapite wakione?"

"Wakione."

Bi Mboni alifikiri. "Hiyo ni kazi ngumu, mwanangu."

"Najua, mama."

Nimewajua wasomi wengi, na wengine ni ndugu zangu. Sijaona aliyekosea mbele ya watu akabaki na urefu wake uleule. Kioo kipya kimewekwa. Wamemsihi Bi Mboni ahamie chumbani kwangu mpaka masika yaishe, amekataa. Abbasi alifia humo. Wameafikiana kwamba kioo kikikatika anatoka saa hiyohiyo, na mimi pamoja naye.

Jumatatu ya Pasaka, 19 Aprili

Wamekuja hata sikukuu. Euphrasia alikuwa na jipya: Bi Mboni amekumbuka kwamba hapa palikuwa na kisima. Abbasi alikifukia kwa takataka kabla ya kuigeuza nyumba yao ya udongo kuwa ya matofali. Kilikuwa wapi? Hatua chache kutoka mlango wa uani, kwa mkono wa kulia.

Nassibu akahesabu hatua, akazamisha chuma chake. Pagumu. Akajaribu pembeni. Pagumu. Euphrasia akaona haya, na mimi, ambaye wiki mbili zilizopita ningefurahi, nikamwonea huruma. Bi Mboni alikuwa anaapa.

Basi Aristides, ambaye husema yeye hasikilizi watu, akaanza kuusikiliza ukuta. Aliugonga kwa vidole kutoka jikoni kuja huku, sikio limegusa plasta. Mahali fulani mlio ukabadilika. Akabandua kidogo, na chini ya plasta kukawa na ukingo wa mlango uliozibwa. Bi Mboni akapiga paji la uso: mlango ulihamishwa mwaka wa Uhuru. Miguu yake ilikuwa inahesabu kutoka mlango ambao haupo tena.

Nassibu akahesabu upya kutoka hapo, akaishia chini ya ukuta wenye ufa, na chuma kikazama bila kusukumwa. Kilipotoka kilileta tope jeusi na makumbi ya nazi yaliyooza. Hakuna aliyeshangilia. Walitazamana tu, wote watatu, na nikaona kila mmoja anawaheshimu wenzake waliobaki.

Nimekuwa nikijiuliza nani kati yao ndiye msomi hasa. Swali la kijinga. Mmoja anapima kinachosogea, mmoja anashika kinachobeba, mmoja anangoja kinachokumbukwa, na jambo linalotokea polepole kiasi hiki haliwezi kukamatwa na mkono mmoja. Mimi nafundisha watoto kusoma, na sijawahi kuona siku mtoto anapojua. Ninaona tu kwamba jana hakujua. Ningekuwa na wenzangu wawili kama hawa ningekuwa mwalimu bora.

Kufukua hakuwezekani mpaka mvua ipungue.

Jumatano, 21 Aprili

Mvua. Kioo kizima. Bi Mboni anapita mbele yake mikono imefungwa nyuma, kama mtoto aliyeambiwa asiguse vitu dukani.

Jumamosi, 24 Aprili

Mvua. Kioo kizima.

Jumanne, 27 Aprili

Mvua kutwa. Nimefunga shule mapema, darasa linavuja. Kioo kizima.

Jumatano, 28 Aprili

Kulipopambazuka nilisikia hodi ndogo. Bi Mboni alikuwa mlangoni, bado ana ushungi wa sala, ameshika mikono yake kama inayomuuma.

"Mwalimu. Kimevunjika. Sijakigusa."

Nilikwenda naye. Kioo kilikuwa kimekatika katikati, safi, na kipande cha chini kimeshuka kidogo. Alisimama kando yangu mikono ameirudisha nyuma. Katika nyumba hii ambayo amana haijaharibika, alikuwa ameacha kitu cha mgeni kikiwa kimevunjika, wazi, mbele ya macho ya watu, kwa sababu mgeni ndivyo alivyoomba. Nilimshika bega nikamwambia amefanya kazi vizuri. Ndivyo ninavyowaambia watoto, na sikuwa na maneno mengine.

Bi Tatu akakimbilia duka la pili kupiga simu. Sisi tukaanza kutoa vitu: kitanda cha samadari, sanduku, picha ya Abbasi, sufuria zilizofungwa kwa kamba tangu harusi. Majirani waliokuja kukopa mwiko wakajikuta wamebeba godoro. Hakuna aliyetaja methali. Wasomi walifika wote watatu, Aristides amevaa shati ndani nje, wakaegemeza nguzo za mirunda kwenye kuta nyingine, ya chumba changu ikiwemo, Nassibu akichagua mahali ambapo ardhi ingeibeba. Euphrasia alikaa na Bi Mboni barazani akamshika mkono, na kwa mara ya kwanza hakumwuliza chochote.

Adhana ya adhuhuri ilikuwa haijaisha. Ukuta haukuanguka kama nilivyodhani kuta huanguka. Ulikaa chini. Sauti moja nzito, halafu vumbi ndani ya mvua, halafu bati likabaki linaning'inia. Matofali yalirundikana mahali kilipokuwa kitanda, upande wa mto. Mirunda ikashika. Chumba changu kimebaki, nyumba imebaki.

Bi Mboni alilitazama lile rundo. "Ningekirudisha," akasema, na hakumaliza. Hapo nililia, na sioni haya kuandika kwamba nililia kwa sauti.

Usiku huu amelala kitandani kwangu. Mimi niko sakafuni.

Jumatatu, 24 Mei

Jua. Wamefukua kisima. Yametoka makumbi, viatu, vigae, na kifuniko cha birika ambacho Bi Mboni amekitambua. Miaka yote alimshuku wifi yake. Nassibu amesimamia mawe na zege mpaka juu, akaonja udongo mara ya mwisho, akasema sasa huu unaaminika.

Taarifa imepelekwa kwa kamati ya mtaa, ina majina matatu. Inasema chanzo kimejulikana na kimeondolewa, chumba kimoja kijengwe upya, nyumba isibomolewe. Kamati imekubali. Aristides alituletea akaisoma uani, na alipofika mahali palipoandikwa kwamba dalili za mwendo wa ukuta ziliripotiwa na mwenye nyumba, alisimama kidogo ili Bi Mboni asikie vizuri.

Alhamisi, 24 Juni

Upepo wa kusini, asubuhi baridi. Ukuta mpya umekauka. Wasomi walikuja kuweka kioo cha mwisho, kitakachokaa mpaka masika mengine. Ila Aristides hakuuendea ukuta. Alivua viatu akakaa mkekani, akauliza habari za mguu wa Bi Mboni, akanywa chai yote. Euphrasia ndiye aliyekwenda ukutani, na futi ya kupimia aliyoinunua mwenyewe.

Saruji ilipokuwa bado mbichi Aristides alimpa Bi Mboni msumari. Akaandika tarehe akiwa ameng'ata ulimi, na saba akaifunga mkanda wake.

Nimetoka kupita pale sasa hivi. Kioo kizima. Nimemwuliza Bi Mboni kabla ya kuandika.